Gari Likilia, Lisikilize

Mkulima mwenzangu, ng'ombe akikohoa usiku wewe huamka ukaenda zizini. Basi gari likitoa sauti ngeni, kwa nini uongeze sauti ya redio? Nje ya lami, njia zetu za Kitui na Makueni ni mawe, vumbi na mchanga wa mito kama Tiva na Thwake. Pikapu ibebayo maembe au pojo huchakaa upesi huko.

Kwanza jua kama sauti yatoka katika injini au magurudumuni. Simamisha gari mahali tambarare, weka gia huru, vuta breki ya mkono, kisha kanyaga mafuta kidogo kidogo. Sauti ikipanda pamoja na injini, fungua boneti. Isiposikika mpaka gari litembee, tafuta katika magurudumu, breki au shafti.

Mlio mkali kama filimbi unapowasha gari asubuhi, mara nyingi ni mkanda wa feni uliolegea. Usiuache hivyo, maana katika gari nyingi mkanda huo huzungusha pia pampu ya maji. Ukikatika, injini huchemka. Lakini ukisikia mgongo mzito ndani ya injini, ngo, ngo, ngo, zima mara moja upime oili. Ikiwa imepungua, ongeza. Mgongo ukiendelea hata baada ya kuongeza, gari livutwe kwa kamba. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya injini mpya.

Breki zikikwaruza chuma kwa chuma, usishuke nazo mteremko wa Mbooni. Hapo sina la kuongeza.

Sauti inayodharauliwa sana ni mvumo wa beringi ya gurudumu. Huanza pole pole, hukua kwa mwendo, na mwenye gari huizoea. Niliwahi kupanda pikapu ya jirani kutoka Kathonzweni kwenda Wote, imejaa maembe na akina mama wawili juu yake. Nikamwuliza, "Mzee, huo mvumo ni wa nini?" Akajibu, "Ni tairi tu, mwanangu, una miezi miwili sasa." Kabla ya kufika Wote gurudumu la mbele lilivunjika shingo. Tulikuwa tukienda pole, hakuna aliyeumia; maembe yaliiva juani tukingojea gari jingine.

Unaweza kuipima mwenyewe. Ukipinda kulia na mvumo ukazidi, shuku gurudumu la kushoto, kwa kuwa uzito umeegemea huko. Ziba magurudumu mengine kwa mawe, inua hilo kwa jeki, wala usiingie chini ya gari. Shika tairi juu na chini ulitikise, kisha lizungushe kwa mkono. Likicheza au likikwaruza, usipakie mzigo tena mpaka fundi alitazame. Maji ya mtoni yenye mchanga huharibu grisi ya beringi, kwa hiyo baada ya mvua pima mapema.

Ukimfikia fundi, usiseme "gari lina kelele" ukanyamaza. Mwambie sauti ilianza lini, kwa mwendo gani, ukipinda upande upi, na kama gari lilikuwa tupu au limepakia. Kama gari bado laweza kwenda salama, mpandishe asikie mwenyewe kabla hajafungua nati hata moja.