Ushahidi wa Mtu Aliyeumizwa Barabarani

Barabara ya Namanga hutoka Athi River, hupita Kitengela, Isinya na mji wa Kajiado, kisha hufika mpaka wa Tanzania. Malori, matatu, bodaboda na makundi ya ng'ombe huitumia barabara hiyo moja, na ajali si jambo geni huko.

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiumizwa kwa uzembe wa dereva, korti itampa fidia kwa kuyatazama makovu yake tu. Sivyo. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya chasema kwamba mwenye kudai jambo ndiye apasaye kulithibitisha. Kovu laonyesha kwamba mtu aliumia; halionyeshi ni nani aliyemwumiza, wala kwa kosa la nani. Basi yafaa kila mtu ajue mambo haya mapema, kwa maana mvua moja hufuta alama za magurudumu, na mashahidi huhama.

1. Mahali pa ajali. Kwanza majeruhi apelekwe hospitali. Kisha ndugu au rafiki aandike nambari ya gari, jina la dereva na kampuni ya bima. Apige picha za gari, barabara na alama zilizobaki. Picha hizo zihifadhiwe katika simu ile ile iliyozipiga, kwa kuwa korti hutaka cheti chenye kueleza jinsi zilivyopatikana. Aulize pia majina na nambari za simu za watu walioona kwa macho yao, kama vile mchunga ng'ombe au mwenye kibanda. Aliyesimuliwa tu na wengine hafai kuwa shahidi wa ajali.

2. Polisi. Sheria humlazimisha dereva kusimama, na kama hakutoa habari zake papo hapo, kwenda polisi kabla ya saa 24 kupita. Hata hivyo, majeruhi asimtegemee. Yeye au nduguye aende kituoni, ahakikishe kwamba ajali imeandikwa katika daftari la matukio, ambalo wengi huliita OB, na apewe nambari yake. Baadaye ataomba hati ya polisi iitwayo abstrakti. Hati hiyo huonyesha kwamba ajali ilitokea. Peke yake haithibitishi kosa la dereva. Lakini dereva akishtakiwa na kupatikana na hatia, nakala ya hukumu ile ni ushahidi mzito.

3. Hospitali. Karatasi za matibabu za siku ya kwanza ndizo ziunganishazo jeraha na ajali. Mtu akikaa nyumbani wiki mbili kabla ya kumwona daktari, upande wa pili utasema kwamba aliumia kwingine. Atunze picha za eksirei na karatasi za kuruhusiwa kutoka hospitali. Fomu ya P3 hutolewa na polisi, naye daktari huijaza.

4. Mwenye gari. Kumbukumbu za NTSA huonyesha gari limeandikishwa kwa jina la nani. Kwa Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, huyo huhesabiwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Anayemshtaki mtu asiyehusika hupoteza wakati na fedha.

5. Hasara. Maumivu hupimwa na hakimu, lakini fedha zilizotumika lazima zithibitishwe moja moja. Tuseme mfugaji wa Isinya alitumia shilingi 40,000 kwa dawa, naye ana risiti za shilingi 9,000 tu. Asitazamie kulipwa zaidi ya zile 9,000. Asiye na hati ya mshahara aweza kuonyesha pato lake kwa taarifa za M-Pesa, au kwa stakabadhi za soko la mifugo kama lile la Bisil.

6. Muda. Kesi ya kuumizwa kwa uzembe hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita. Ikiwa anayeshtakiwa ni Serikali, muda ni miezi 12 tu.

Jihadharini na mambo mawili. La kwanza, msitie sahihi karatasi yoyote ya kukiri kwamba mmeridhika na malipo, kabla ya daktari kueleza jeraha litaishia wapi. Aghalabu karatasi hiyo hufunga madai yote. La pili, msiongeze uongo. Risiti moja ya kughushi yaweza kumfanya hakimu azitilie shaka hata zile za kweli. Aliyepanda pikipiki bila kofia ya chuma na aseme hivyo. Huenda fidia ikapunguzwa, lakini neno lake litaaminiwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi bahasha moja ya karatasi, ikitunzwa tangu siku ya kwanza, humsaidia majeruhi kuliko maneno mengi siku ya kesi.