MAJI YAPITAYO SOKONI: NANI ATALIPA YASAFISHWE?

Chama cha Kiswahili kilinipa kazi ya kuandika somo juu ya maji, nami nikadhani ni kazi rahisi, kwani hapa Garbatulla hakuna mtoto asiyejua taabu ya maji. Kumbe nilikuwa najua upande mmoja tu, ule wa kiangazi.

Mnaikumbuka mvua ya El Nino ya mwisho wa 2023, iliyotujia baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Watu walishukuru Mungu, kisha barabara zikakatika. Siku moja nyanya alinituma na ndoo. Maji yalikuwa yakiteremka kutoka upande wa sokoni, meusi, juu yake mafuta yaking'aa rangi rangi, na ndani yake kinyesi cha mbuzi, ndara moja na betri ya tochi. Nyanya aliitazama ndoo, akaimwaga. "Hili ni jasho la mji," akasema, "si maji." Ndoo ya pili hatukuimwaga kwa sababu hatukuwa na nyingine. Mdogo wangu akahara siku nne.

Sasa tuingie katika somo. Mvua ikinyesha porini, udongo na nyasi huinywa. Ikinyesha juu ya mabati na ardhi iliyoshindiliwa na magari na kwato, haina pa kuingia, basi hukimbia, na katika kukimbia huokota kila tulichokitupa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme mji una hekta 10 za ardhi ngumu. Mvua ya milimita 20 italeta lita milioni 2. Nilipomwonyesha mwalimu wa hesabu alikagua mara mbili, akasema ni sawa.

Habari njema ni kwamba uchafu mwingi hubebwa na maji ya mwanzo, yale yanayoosha vumbi la miezi mingi. Tukizuia milimita 5 za kwanza tu, ni lita 500,000, yaani shimo la mita 25 kwa 20 lenye kina cha mita 1. Humo tope hutua chini na mafuta huelea. Bomba la kutolea maji hupewa kiwiko kinachotazama chini, ili maji yatoke katikati na mafuta yabaki juu. Kutoka hapo maji hupita polepole katika kitanda cha mchanga kilichooteshwa nyasi, ndipo yaende bwawani. Mchanga ni mchujo wa ajabu. Ndugu zetu wa Ukambani hujenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu na kuchota maji yaliyochujwa humo. Lakini msidanganyike, vijidudu havimalizwi na mchanga peke yake, maji ya kunywa bado ni ya kuchemsha.

Na si uchafu wote unaoonekana. Mwaka 2020 wanasayansi wa Marekani walieleza kwa nini samaki aina ya coho walikuwa wakifa katika vijito vya Seattle kila baada ya mvua. Muuaji alikuwa kemikali itokanayo na tairi za magari, ikioshwa barabarani. Tairi! Nani angeshuku?

Haya, pesa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti kazi ya kushughulikia maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Kwa hiyo mlango wa kubisha tunaujua. Kaunti hutakiwa kupeleka waraka wa mwelekeo wa fedha kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Anayeleta maoni mwezi wa Juni amechelewa karamu.

Tena Isiolo ndiko hazina ya kaunti ya mabadiliko ya tabianchi ilikoanza kujaribiwa, katika miaka ya 2010, kwa msaada wa Uingereza. Katika mpango huo asilimia 70 ya pesa za miradi iliwekewa wadi, na kamati za wananchi ndizo zilizochagua.

Mji wa Philadelphia kule Marekani hutoza viwanja vya biashara kwa kuzingatia ukubwa wa ardhi yao ngumu. Mwenye uwanja mkubwa wa lami hulipa zaidi ya mwenye bustani. Ni haki, lakini hapa kwetu nani atapima kila bati, na bili ataipeleka wapi? Mimi naona ni afadhali sehemu ndogo ya ada ya soko na ya malori itengwe kwa kazi hii, kwani huko ndiko mafuta na kinyesi vinakotoka. Hilo laweza kuandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti.

Wafadhili hupenda kuchimba. Kuzoa tope kila baada ya msimu, hapo hawaonekani. Shimo lisilozolewa hujaa, na maji hupita juu yake kama kwamba halikuwapo. Wazee wetu Waborana walilijua jambo hili zamani. Visima virefu vya tula vilifukuliwa kwa ng'ombe waliochangwa kulisha wachimbaji, na kila kisima kilikuwa na aba herega wa kupanga zamu. Pesa za kudumu, na mtu mmoja wa kuulizwa. Mradi wetu usipokuwa na hayo mawili, heri usianze.

Nilikwenda na baba kwenye mkutano wa maoni ya bajeti. Nikasimama, magoti yakitetemeka, nikaeleza habari ya shimo. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maji safi hatuna, nawe wataka tutumie pesa kuosha machafu?" Watu wakacheka, nikakaa. Walichagua kisima. Kusema kweli, hata mimi ningeombwa kura nisingekiondoa kisima. Lakini njiani nilipata jibu, likiwa limechelewa kama kawaida yangu: Mzee, ni maji yale yale. Mbuzi wako huyanywa bwawani kesho yake.

Safari ijayo tutakwenda na vipimo vilivyoandikwa, kabla ya Februari. Jumamosi ya kwanza ya muhula Chama kitapima ardhi ngumu ya soko, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali. Kamba ya mita 50 tunayo. Tunahitaji majembe mawili, na mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri.