Mafunzo Niliyopata Nikitengeneza Mfuniko wa Piano

Piano ya kanisa moja hapa Dar es Salaam ilikuwa bado nzima, ila mfuniko wake wa juu uliliwa na mchwa. Nilipewa kazi ya kutengeneza mwingine kwa plaiwudi na kuuvika vinia ya mkangazi, mbao iliyochanwa hadi unene wa milimita 0.6 hivi.

1. Pima unene mapema. Vinia ya pande mbili huongeza zaidi ya milimita moja. Mfuniko ukizidi, bawaba hazikai sawasawa, na bawaba iliyolegea hunguruma kila noti nzito inapopigwa.

2. Vika pande zote mbili. Hapa sikubali mjadala, ingawa wateja wengi huona upande wa chini ni hasara kwa kuwa hauonekani. Vinia ikilowa gundi hutanuka. Ikikauka husinyaa na kuuvuta ubao. Ikivuta upande mmoja tu, ubao hubonyea kama sahani. Unyevu wa pwani huzidisha tatizo, maana upande ulio wazi huunyonya upesi kuliko uliovikwa. Huku chini si lazima mkangazi: vinia ya bei nafuu inatosha, mradi unene ni uleule, nyuzi zielekee upande mmoja na za juu, na zote zikatize nyuzi za plaiwudi. Gundisha pande hizo mbili kwa pamoja.

3. Anza na kingo, ndipo nyuso. Hapo mstari wa kiungo hauonekani kutoka juu.

4. Gundi nyeupe ipakwe kwenye ubao, si kwenye vinia, kwani vinia ikilowa hujikunja. Gundi ya viatu nimeiacha kabisa: hubaki laini, na vanishi ikiigusa, vinia huweza kuvimba. Tandika nailoni, weka mbao nene juu, kaza kutoka katikati kwenda pembeni, kisha acha hadi kesho yake.

5. Gonga kwa ukucha uso mzima. Panapolia utupu, chana kidogo kufuata nyuzi, ingiza gundi, kandamiza tena.

6. Msasa uanzie namba 180, kwa mkono. Mashine hutoboa vinia kabla hujastuka, hasa pembeni.

7. Mfuniko wa zamani usiutupe, hata kama umeliwa, mpaka umehamishia alama za matundu ya bawaba kwenye ule mpya.