Mwezi wa Kumi na Moja, Mwezi wa Marehemu

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare mwezi wa kumi na moja ni mwezi wa mvua. Majani huota upesi juu ya makaburi, na udongo hutitia. Ndipo wakristu hushika majembe na panga, wakaenda kusafisha mahali walipolazwa wazee wao. Wakatekumeni nao huenda, lakini wengi wao wana swali zito rohoni: baba aliyefariki bila ubatizo, je, yafaa kumwombea?

Desturi za mwezi huu ni za zamani. Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu kwa Bikira Maria na mashahidi wote hekalu kubwa la Roma lililokuwa la miungu ya kipagani. Katika karne ya 9 sikukuu ya Watakatifu Wote ikaenea Ulaya, tarehe 1 ya mwezi huu. Karibu na mwaka 1000 Odilo, abati wa Cluny katika Ufaransa, aliwaagiza watawa wake kuwaombea marehemu wote kesho yake. Mwaka 1915, vita vilipoua watu wengi mno, Papa Benedikto XV akawaruhusu mapadri wote kusoma Misa tatu siku hiyo. Vita hivyo havikuwa vya Ulaya tu: wapagazi wengi wa Kongo ya mashariki walikufa wakibeba mizigo ya askari.

Tarehe 2 ni siku ya marehemu wote, hata wale wasio na mtu wa kuwakumbuka. Maniema ina wengi wa namna hiyo. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare mpaka ziwa Tanganyika, na pembe za ndovu na watumwa. Wengi walioanguka njiani hawana kaburi linalojulikana, wala jina.

Basi, je, yafaa kumwombea asiyebatizwa? Ndiyo, yafaa. Tarehe 21 ya mwezi huu, mwaka 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati iitwayo Lumen Gentium. Yafundisha kwamba mtu asiyeijua Injili pasipo kosa lake, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuifuata dhamiri yake kwa msaada wa neema, aweza kuokoka. Tena Misale iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988 kwa majimbo ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, yawataja mababu wenye moyo mnyofu baada ya watakatifu.

Lakini kumwombea marehemu si kumtuliza mzimu. Awekaye unga kaburini ili marehemu asikasirike, amwogopa, amwombeaye, ampenda. (Hata hivyo si kila mzee amwagaye pombe ana hofu; wengine hufanya kwa heshima tu, na katekista mwenye busara huuliza kabla ya kukemea.)

Na mkatekumeni mwenyewe akifa kabla ya ubatizo? Kwa habari ya mazishi, sheria ya Kanisa yamhesabu pamoja na waamini: huzikwa kikristu.

Toka tarehe 1 mpaka 8, mbatizwa anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu aweza kuwapatia rehema kamili, akiungama, akikomunika, na kusali kwa nia za Papa. Mkatekumeni hawezi bado kuipata rehema hiyo, lakini sala yake yasikika. Aende na jembe lake pamoja na wengine. Na kama hajajifunza sala za marehemu, Baba Yetu yatosha.