Fundi umeme na Klabu ya Rotary

Swali: Mimi ni fundi umeme hapa Nairobi. Mteja wangu amenialika kwenye mkutano wa klabu yao ya Rotary, ambako kila wiki huja mtu kuzungumza. Natamani kujiunga, ila naona hayo ni mambo ya wenye nazo. Niende?

Jibu: Nenda, tena ukiwa huru kabisa, maana mgeni hafungwi na lolote. Wala si mambo ya wenye nazo tu: katika mkutano wa kwanza wa Rotary kule Chicago, mwaka 1905, wakili Paul Harris aliketi na watu watatu: muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Fundi alikuwamo tangu siku ya kwanza.

Mkutano huchukua kama saa moja. Kengele inagongwa, wageni wanatambulishwa, kisha mzungumzaji anapewa nafasi: leo daktari wa figo, wiki ijayo mtaalamu wa maji. Sikiliza hasa maswali baada ya hotuba na taarifa za miradi ya kijamii. Klabu inayojua kisima chake cha mwaka jana bado kinatoa maji ndiyo ya kujiunga nayo. Inayopiga picha tu, achana nayo.

Uanachama ni kwa kupendekezwa, na mteja wako anaweza kukupendekeza. Kabla ya kukubali, muulize katibu waziwazi: ada ya mwaka ni kiasi gani, chakula kinalipwa na nani, na michango ya miradi hufika wapi. Ada ikikuzidi, tafuta klabu nyingine au Rotaract, yaani klabu za vijana za Rotary, ambazo ada zake kwa kawaida ni nafuu.