Kufundisha kwa Picha: Watu Waliokuja Kolwezi

Kusudi la somo: watoto watambue ya kuwa Kolwezi ilijengwa na watu waliotoka mbali, na ya kuwa hakuna mwenzao darasani anayestahili kudharauliwa kwa kuitwa mgeni.

Mwalimu achore picha nne, kisha azishone pamoja ziwe kitabu. Katika kila ukurasa, asianze kueleza, awaache watoto watazame kwanza, ndipo aulize: “Mwaona nini?”

Picha ya 1. Yosefu na Maria wanakimbilia Misri usiku pamoja na Mtoto Yesu. Maswali: Wamebeba nini? Wanahitaji nini wakifika?

Picha ya 2. Mwanamume mwenye mzigo apanda gari la moshi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi wa migodi ya shaba katika nchi ziitwazo leo Zambia, Rwanda na Burundi, na katika Kasai pia. Mwaka 1928 reli iliunganisha Bukama na Ilebo, ikipita Kasai.

Picha ya 3. Mama na watoto wamesimama mlangoni pa nyumba ya kambi. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliwahimiza wafanyakazi wakae na jamaa zao. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937, na humo wakazaliwa watoto wao na wajukuu wao.

Picha ya 4. Jamaa imeketi juu ya mizigo kituoni. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi mno wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walingoja gari la moshi siku nyingi huko Likasi na Kolwezi, na wengine walifia hapo. Wengi walikuwa wazaliwa wa Katanga, wala hawakupata kuiona Kasai.

Hapa mwalimu ajihadhari sana. Huenda mjukuu wa aliyefukuzwa ameketi dawati moja na mjukuu wa aliyefukuza. Asiulize kabila la mtoto yeyote, wala asimlazimishe kusimulia habari za kwao. Maswali yote yahusu watu wa pichani.

Kisha picha ya 2 na ya 4 ziwekwe pamoja. Swali: Ni nini kilichobadilika? Jibu: Mtu ni yuleyule, na reli ni ileile; jina aliloitwa ndilo lililobadilika.

Kazi ya nyumbani: Hata leo jamaa nyingi hufika Kolwezi kutafuta kazi ya shaba na kobalti. Kila mtoto achore picha ya 5: mwanafunzi mpya mlangoni pa darasa, na mahali pa kuketi alipotengewa.