Eabrashi ya Kwanza: Usianze na Jina la Kampuni



Leo najibu maswali mawili kwa mpigo. La kwanza limetoka kwa kijana wa Mikumi anayetengeneza mabasi ya maboksi. Amekuwa akiyapaka kwa brashi na makopo ya spei, sasa anataka eabrashi, ile kalamu inayopulizia rangi kwa nguvu ya upepo. Mfukoni ana laki moja na nusu, na kila anayemuuliza anamtajia kampuni yake. La pili ni la binti wa Kilosa anayejenga treni ya mchongoko ya SGR kwa plastiki. Naye anataka kujua ipi ni nafuu na haitamwangusha.

Mtaani tunaambiwa rahisi ni ghali. Kwa eabrashi ya kwanza nalikubali hilo nusu tu. Nimeona watu wakinunua kalamu ya bei kali halafu ikalala kabatini kwa kukosa oringi moja (kile kimpira cha duara) ya saizi yake, na nimeona kalamu za Kichina za bei ya chini zikipiga kazi miaka. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, jiulize mambo matatu: unajenga kitu cha ukubwa gani, rangi gani unaipata dukani kwenu bila kusubiri mzigo kutoka Dar, na upepo utautoa wapi. Eabrashi nafuu ni ile unayoweza kuilisha na kuitengeneza ukiwa hapohapo ulipo.

Unaihitaji kweli?

Kama basi lako lina rangi moja ubavu mzima na maandishi juu yake, kopo la spei na brashi nzuri vinatosha. Pesa yako nunulia msasa na praima, utaona tofauti kubwa zaidi. Eabrashi inalipa kwenye kazi tatu: rangi mbili zinazoingiana taratibu bila mstari kati yao, kivuli chembamba kwenye kona na maungio, na rangi ya kampuni fulani ya mabasi ambayo haiuzwi kwenye kopo, hivyo lazima uichanganye mwenyewe. Kijana wangu, wewe unakaa kando ya barabara ya Dar kwenda Iringa na Mbeya. Mabasi unayoyaiga yanapita mbele yako kila siku na michoro yake unaijua. Hiyo kazi ya tatu ndiyo yako.

Ukubwa wa kazi ndio unaochagua nozeli

Nozeli ni kile kitundu cha mbele ambamo rangi inatokea. Zinazopatikana zaidi ni za milimita 0.2, 0.3 na 0.5. Wauzaji wanapenda kukusifia ya 0.2 kwa sababu inachora mstari mwembamba. Hawakwambii kwamba inaziba kwa chembe ndogo tu ya rangi, na kwamba rangi za dukani kwetu zina chembe za kutosha. Mtu anayeanza aiache.

Sasa pimeni kazi zenu. Basi la mita 12 ukilijenga kwa kipimo cha 1:20 linakuwa na urefu wa sentimita 60. Huo ni ubavu mpana. Ukiupulizia kwa nozeli nyembamba, upande mmoja unakauka kabla hujafika wa pili, na rangi inakuwa na mabaka. Kijana wa Mikumi, wewe tafuta nozeli ya 0.5, na chupa ya rangi ikae chini ya kalamu, upepo uifyonze kutoka huko. Chupa inabeba rangi nyingi, na ukitaka kubadili rangi unabadili chupa.

Binti wa Kilosa, wewe ni habari nyingine. Kwa kipimo cha 1:87, ambacho wajenzi wengi wa treni ndogo duniani wanakitumia, reli ya SGR yenye upana wa milimita 1,435 inakuwa milimita 16.5 tu. Reli ya zamani ya mita moja, ile inayochepuka hapo Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu, inakuwa milimita 11 na nusu. Kwenye udogo huo, tabaka nene la rangi linameza madirisha na milango yote. Chukua nozeli ya 0.3 yenye kikombe juu, rangi ishuke yenyewe kwa uzito wake. Inahitaji upepo mdogo, na unaweza kutumia matone machache bila kupoteza rangi.

Kitufe cha hatua moja au mbili

Eabrashi ya hatua moja ukibonyeza kitufe, upepo na rangi vinatoka pamoja. Kiasi cha rangi unakiweka mapema kwa kuzungusha skrubu. Ya hatua mbili, ukibonyeza chini unatoka upepo, ukivuta nyuma inafuata rangi, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi.

Watu watakwambia ya hatua moja ni ya watoto. Si kweli. Paasche ya Marekani, kampuni iliyopo tangu 1904, inatengeneza modeli H ya hatua moja ambayo rangi inakutana na upepo nje ya kalamu, si ndani. Kwa sababu hiyo kuisafisha ni rahisi na rangi nzito haiitishi. Kwa mabasi ya maboksi, kalamu ya muundo huo, iwe ya kampuni hiyo au nakala yake, inafaa sana. Kwa treni yako, binti, ya hatua mbili ndiyo itakayokupa vivuli. Vidole vitasumbua mwanzoni. Jizoeze kwa maji kwenye gazeti, na shika sheria moja: anza na upepo, maliza na upepo. Rangi ije katikati.

Upepo ndio gharama yenyewe

Hapa ndipo laki na nusu nyingi zinapofia. Kalamu ya Kichina ya nozeli ya 0.3 inauzwa kati ya dola 15 na 30 kwenye maduka ya mtandaoni, kabla ya usafiri na ushuru. Kompresa ndogo ya wajenzi wa vimodeli, yenye tangi la lita 3, ni mara kadhaa ya hiyo. Kwa hiyo kalamu utaipata, upepo ndio utakuumiza kichwa.

Mkiwa na uwezo wa kompresa, chagueni yenye tangi. Isiyo na tangi inasukuma upepo kwa mapigo, na mapigo hayo yanaonekana kwenye rangi. Hakikisheni inatumia volti 230. Za Marekani ni za volti 120, ukiichomeka ukutani moja kwa moja utaiunguza.

Kama hamna uwezo huo, Mikumi ina utajiri ambao miji mingi haina: mafundi pancha wa barabara kuu. Kompresa zao zinajaza matairi ya malori, zina upepo kupita mahitaji yenu. Shida ni mbili. Upepo wao ni mkali mno, zaidi ya psi 100, wakati nyinyi mnahitaji 15 hadi 20 kwa rangi nyepesi, na 25 hadi 30 kwa nozeli ya 0.5 yenye chupa chini. Pili, tangi lao lina maji na oili. Kwa hiyo kifaa cha pili kununua baada ya kalamu ni regyuleta, yaani kipunguza upepo, yenye geji na kikombe cha kunasa maji. Msikiruke hiki hata kidogo, kwani tone moja la maji likitoka na rangi linaharibu ubavu mzima.

Njia nyingine ya zamani, ambayo wajenzi wa Ulaya na Marekani waliitumia kabla kompresa ndogo hazijaenea, ni gurudumu la akiba. Unalijaza kwa fundi pancha, unaliunganisha na mpira wa eabrashi kupitia regyuleta, unapuliza nyumbani kimya kimya. Gurudumu la gari dogo lililojazwa psi 35 litakupa dakika chache tu za kupuliza mfululizo, lakini hakuna anayepuliza mfululizo. Kwa kichwa cha treni linatosha. Kwa basi zima utarudi kwa fundi. Usilijaze kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, na usijaze mpira wa ndani ukiwa nje ya tairi lake.

Kuna mambo mawili ambayo dada yenu anayakataza. Mtungi wa gesi ya kupikia usigeuzwe tangi la upepo, hata ukionekana mtupu. Na kompresa ya friji bovu msiifunge wenyewe kwenye tangi lisilo na valvu ya usalama. Najua mafundi wanazitumia na zina sauti ndogo. Tangi likipasuka halichagui fundi na mwanafunzi.

Mtaona pia kalamu zinazochajiwa, zenye pampu ndogo chini ya mpini. Waulizeni wauza vifaa vya keki na vya kucha, wao wanazijua. Umeme ukikatika zinafanya kazi, na kwa vitu vidogo si mbaya. Tatizo ni kwamba nyingi hazina nafasi ya kupunguza upepo wala kikombe cha maji, na betri inaisha katikati ya kazi. Kama ndiyo pekee unayoimudu, ichukue ukijua hayo. Kwa basi la sentimita 60 haifai.

Rangi mnayoipata, si mnayoiota

Rangi za wajenzi wa vimodeli, kama Tamiya ya Japani na Vallejo ya Hispania, ni nzuri, lakini msijenge mpango wenu juu ya mzigo wa kusubiri. Kilosa mtapata rangi ya mafuta, ya aina wanayotumia wachoraji wa Tingatinga, na kwa mafundi bodi mtapata rangi ya gari na thina.

Rangi ya mafuta punguzeni kwa tapentaini, anzeni nusu kwa nusu. Rangi ya gari inataka thina zaidi ya rangi. Iwe nyepesi kama maziwa, ukiizungusha kwenye kikombe iteremke bila kuacha tabaka nene. Ichujeni kwenye soksi ya nailoni kabla haijaingia kwenye kalamu. Rangi ya maji ya kupakia ukuta iacheni ukutani, chembe zake zitaziba nozeli.

Boksi linakunywa rangi. Lipakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa maji, likauke, mpitishe msasa laini, kisha praima. Na wakati wa masika msipulize rangi ya gari mara baada ya mvua: unyevu unaingia kwenye rangi, inabaki na ukungu mweupe. Kiangazi adui ni vumbi. Nyunyizeni maji sakafuni kabla ya kuanza, mafundi rangi wa magari wanafanya hivyo.

Dukani na nyumbani

Mkifika Kariakoo, au mkimtuma mtu, kalamu ifunguliwe mbele yenu. Vueni sindano, ile inayopita ndani ya kalamu hadi kwenye nozeli, mwangalie ncha yake kwenye mwanga; ikipinda kidogo tu, rangi itakwenda pembeni. Ulizeni kama nozeli, sindano na oringi za akiba zinauzwa peke yake. Jibu likiwa hapana, iacheni hata kama bei inavutia. Angalieni thredi ya kuungia mpira. Nyingi za Kichina zinafuata ile ya moja ya nane ya inchi inayotumiwa na kampuni ya Iwata, ila kalamu za Badger na Paasche zina zao na zinahitaji kiungo.

Nyumbani, pitisheni thina au maji safi kila mnapobadili rangi, na mwisho wa kazi vueni sindano. Msiizamishe kalamu nzima kwenye thina, oringi zitavimba. Rangi ikianza kutoa mapovu kwenye kikombe, nozeli imeziba au imelegea.

Kifua nacho hakina akiba. Pulizeni nje au penye upepo unaopita, mkiwa na barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii thina. Rangi ya gari inayochanganywa na hadna msiiguse kabisa: mvuke wake unaweza kukuachia pumu ya kudumu. Hiyo ni ya karakana zenye vifaa kamili.

Pesa zenyewe

Kijana, laki na nusu yako igawe hivi: kalamu ya nozeli ya 0.5 yenye chupa, mpira wake, regyuleta yenye kikombe cha maji, na barakoa. Upepo zungumza na fundi pancha, umlipe kidogo kidogo. Kompresa itakuja basi la kwanza likishauzwa. Usiichukulie mkopo wa kausha damu.

Binti, kama mko wanne mnaojenga, changeni kompresa moja yenye tangi na kila mmoja awe na kalamu yake. Kompresa inavumilia kuazimana. Kalamu haivumilii, kwa sababu kila mkono una namna yake ya kuisafisha, na mmoja akizembea wote mtakosa kazi.

Wengine mnaotaka kuniandikia, nitajieni mnajenga nini na kwa kipimo gani, mnatumia rangi gani, na upepo mnautoa wapi. Bila hayo matatu nitakuwa nawatajia jina la kampuni tu, na hao wa kutaja majina mnao wengi.

Dada yenu